Tunda Lina Hoja, Sharubati Ina Mashaka

Apotezaye mali huweza kuitafuta tena. Apotezaye kumbukumbu hupoteza hata ufahamu wa kwamba kuna kitu kimempotea. Hiyo ndiyo sababu kila habari ya kinga dhidi ya maradhi ya usahaulifu wa uzeeni hupokelewa kwa shangwe, na mojawapo ya habari hizo ni kwamba maji ya matunda huukinga ubongo. Dai hili lafaa kupimwa kwa makini, maana lisemwalo darasani hufika nyumbani, na lifikalo nyumbani huamua mzee atanunuliwa nini dukani.

Dai lenyewe halikuzuka hivi hivi. Mwaka 2006, wataalamu walioongozwa na Qi Dai wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wazee 1,836 wenye asili ya Kijapani waishio Seattle na viunga vyake. Wazee hao walifuatiliwa kwa miaka kadhaa kuanzia 1992. Ilibainika kwamba waliokunywa maji ya matunda au ya mboga mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 76 wa kupata ugonjwa wa Alzheimer, wakilinganishwa na waliokunywa chini ya mara moja kwa wiki. Ajabu ni kwamba vitamini C na E, zilizosifiwa kwa muda mrefu, hazikuonyesha uhusiano wowote wa namna hiyo. Watafiti wakaelekeza macho kwenye polifenoli, kemikali zipatikanazo kwa wingi katika maganda na nyama ya matunda, ambazo hudhaniwa kupunguza uharibifu wa chembe hai za ubongo.

Asilimia 76 si haba. Hata hivyo, msomaji makini hana budi kuuliza: je, ni sharubati iliyowakinga wazee wale, au ni jambo jingine lililoandamana nayo? Wenye miavuli huonekana kwa wingi siku za mvua, lakini hakuna asemaye kwamba mwavuli ndio uletao mvua. Anywaye maji ya matunda mara kwa mara yamkini pia hula vyema, hana dhiki ya fedha, na humwona daktari mapema. Watafiti hujitahidi kuyaondoa mambo hayo kwa hesabu, ila hawawezi kuyamaliza yote. Isitoshe, kati ya wazee wote hao ni 63 tu waliopatikana na ugonjwa wenyewe. Idadi ndogo kama hiyo haitoshi kubeba hukumu nzito.

Yako majaribio yaliyokwenda hatua moja mbele kwa kuwapa watu kinywaji na kuwapima. Mwaka 2010, Robert Krikorian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cincinnati waliwapa maji ya zabibu baadhi ya wazee 12 walioanza kusahau, na maji ya bluberi wengine 9, kwa majuma 12. Uwezo wao wa kujifunza na kukumbuka maneno uliongezeka. Mwaka 2015, wenzao wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwapa wazee 37 wenye afya nusu lita ya maji ya machungwa kila siku kwa majuma 8, nao wakafanya vyema kidogo katika majaribio ya akili. Matokeo haya yanatia moyo. Lakini majuma 8 au 12 si miaka 20, nayo Alzheimer ni maradhi yanayojenga kiota chake ubongoni miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza kuonekana.

Sasa tugeuze upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2017, watafiti waliochunguza wakazi wa mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, walieleza kwamba waliotumia kwa wingi vinywaji vyenye sukari, yakiwemo maji ya matunda, walikuwa na ubongo mdogo zaidi kwa ujumla na kumbukumbu dhaifu zaidi. Huu nao ni uhusiano tu, wala si ushahidi wa chanzo. Tukiupinga ule wa Seattle kwa hoja ya mwavuli, haki yadai tuupinge na huu kwa hoja iyo hiyo. Hata hivyo, tahadhari yake ina mashiko. Glasi moja ya maji halisi ya machungwa hubeba takriban gramu 20 za sukari, yaani vijiko vitano vya chai. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliihesabu sukari ya maji ya matunda pamoja na ile itiwayo chaini, likashauri kwamba ni bora zaidi mtu asipitishe gramu 25 hivi kwa siku. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haikuhesabiwa humo.

Kwa nini tofauti hiyo? Tunda likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi nyingi hutupwa, na pamoja nazo sehemu ya zile polifenoli tulizozitaja. Sukari hubaki, ikaingia katika damu kwa kasi. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2013, uliowafuatilia zaidi ya wahudumu wa afya 187,000 wa Marekani, ulionyesha kwamba walaji wa matunda mazima walipata kisukari kwa uchache, ilhali wanywaji wa maji ya matunda walikipata kwa wingi zaidi. Nacho kisukari kimethibitika kuwa miongoni mwa mambo yaongezayo hatari ya maradhi ya usahaulifu. Yaani mtu aweza kunywa akidhani anaukinga ubongo, kumbe anaufungulia adui mlango wa nyuma.

Jambo hili si la mbali nasi. Katika sehemu kadhaa za nchi yetu, mzee asahauye njia ya kurudi kwake, au apatikanaye usiku kwenye boma la jirani, hushukiwa uchawi kabla ya kudhaniwa mgonjwa. Oktoba 2021, akina mama wakongwe wanne waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Penye hofu kama hiyo, ujuzi sahihi kuhusu ubongo si anasa ya wasomi.

Ujuzi huo upo. Mwaka 2024, tume ya wataalamu iliyoandaliwa na jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya maradhi ya usahaulifu duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, uziwi usiotibiwa, kutofanya mazoezi na uhaba wa elimu utotoni. Sharubati haimo katika orodha hiyo. Shule imo.

Basi, mwalimu, habari ya dawa mpya ikiletwa darasani, wafundishe wanafunzi kuuliza: ni watu wangapi waliochunguzwa, kwa muda gani, na walilinganishwa na nani? Nawe mwanafunzi, soma kibandiko cha chupa kabla ya kuinunua. Vingi viitwavyo maji ya matunda ni maji, sukari na ladha. Embe, pera, chungwa na zambarau, ambayo rangi yake ni ya jamii moja na ile ya zabibu na bluberi, zauzwa sokoni kwa bei nafuu msimu ukifika. Mkatie babu tunda alitafune, kisha umsindikize zahanati akapimwe shinikizo la damu. Fedha ya chupa ya sharubati yaweza kutosha nauli.