GARI LISILOWAKA: SWICHI YA USALAMA YA GIA ISIRUKWE

Kwa miaka mingi kazi ya kuzungukia vyama vya msingi mashambani ilifanywa na Land Rover na Land Cruiser za gia za mkono. Siku hizi magari mengi ya kazi hiyo huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na si machache miongoni mwao yenye gia za otomatiki. Magari hayo yana kifaa kimoja kidogo ambacho madereva wengi hawakijui mpaka siku gari linapokataa kuwaka. Kifaa hicho ni swichi ya usalama ya gia. Inafaa bodi na meneja wa chama waielewe kazi yake, kwa maana matengenezo yake yakifanywa ovyo huweza kugharimu si fedha tu, bali hata maisha ya mtu.

Kazi ya swichi

Dereva anapozungusha ufunguo, umeme hutoka katika betri, hupita katika swichi ya ufunguo, kisha katika swichi ya usalama, ndipo ufike kwenye stata na kuizungusha injini. Swichi ya usalama huwa imefungwa ubavuni mwa giaboksi, nayo hugeuka pamoja na mkono wa gia. Huruhusu umeme upite katika nafasi mbili tu: P, yaani ya kuegesha, na N, yaani ya gia huru. Mkono wa gia ukiwa kwenye R, D au gia nyingine yoyote, njia ya umeme hukatika na stata hainyamki. Hivyo gari haliwezi kuwaka na papo hapo kuanza kwenda. Katika magari mengi swichi hiyohiyo huwasha pia taa za rivasi na taa zinazomwonyesha dereva gia aliyoiweka.

Maji ni adui yake

Katika Bonde la Kyela swichi hii ina adui mkubwa. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa, na wakati wa masika, hasa Machi hadi Mei, maji na tope hutapakaa katika njia za udongo zinazokwenda kwenye maghala na mashamba ya kakao na mpunga. Swichi imekaa chini ya gari, mahali panaporushiwa tope. Katika gari la zamani mpira wa kuzuia maji huwa umekwisha kukakamaa. Maji huingia, shaba ya ndani hushika kutu ya kijani, na umeme hushindwa kupita.

Dalili na upimaji

Dalili ya kwanza ni ukimya: ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinawaka, lakini stata haisikiki. Mara nyingi gari hukataa kuwaka kwenye P na kukubali kwenye N, au hukubali baada ya mkono wa gia kutikiswa. Taa za rivasi nazo huweza kuacha kuwaka. Dalili mbaya kuliko zote ni gari kuwaka likiwa ndani ya gia. Gari la namna hiyo lisitumike mpaka litengenezwe.

Ukimya huo waweza pia kuletwa na betri dhaifu, vichwa vya betri vilivyolegea, fyuzi iliyoungua, rilei mbovu au stata yenyewe. Kwa hiyo upimaji utangulie ununuzi. Chama kinachonunua stata mpya kwa kubahatisha huweza kulipa fedha nyingi na kukuta gari likiwa kimya vilevile.

Upimaji ufuate utaratibu. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Fundi akumbuke kwamba baadhi ya Land Cruiser za dizeli huwashwa kwa volti 24, hivyo achague taa ya kupimia inayofaa. Betri na nyaya zake zikiwa nzima, taa hiyo iwekwe kwenye waya mwembamba wa stata, na mtu mwingine azungushe ufunguo gia ikiwa P, kisha N. Taa ikiwaka na stata ikanyamaza, kosa li katika stata au waya wake mnene. Taa isipowaka, kosa liko kabla ya stata. Hapo plagi ya swichi ifunguliwe na swichi ipimwe kwa mita: nyaya mbili za stata ziwasiliane kwenye P na N, na zisiwasiliane kabisa katika nafasi nyingine yoyote.

Kabla ya kununua, itazamwe pia kama swichi imelegea na kusogea tu. Ikiwa ndivyo, kuirekebisha na kuisafisha plagi kwaweza kutosha.

Kuibadili

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vigingi mbele na nyuma. Jambo hili lisipuuzwe. Katika magari mengi ya kuendesha magurudumu yote manne, giaboksi ndogo ikiachwa kwenye gia huru, nafasi ya P hailizuii gari kubingirika. Gari likiinuliwa kwa jeki, liwekewe pia vigogo au stendi imara kabla mtu hajaingia chini.

Waya hasi wa betri ufunguliwe. Tope lioshwe, plagi ya swichi itolewe, na mkono mdogo wa gia ufunguliwe kutoka kwenye mhimili wa giaboksi. Kisha nati ya mhimili na bolti ya kushikilia swichi zifunguliwe, na swichi itolewe polepole. Ikiwa imegandamana, isipigwe nyundo, maana mhimili huo huingia hadi ndani ya giaboksi.

Kabla ya kufunga mpya, mhimili uwekwe kwenye N, yaani hatua mbili kutoka P. Swichi nyingi za Toyota zina mfuo na mstari ambavyo lazima vilingane. Nyingi za Nissan zina tundu dogo la kupitishia kijiti. Hapa ndipo mafundi wenye haraka hukosea: swichi mpya iliyofungwa upande ni sawa na mbovu. Bolti zikazwe kwa kiasi, kwa kuwa ni ndogo na hukatika upesi.

Kazi ikiisha, gari lishushwe na dereva akanyage breki kwa nguvu, kisha ajaribu ufunguo katika kila nafasi ya gia. Liwake kwenye P na N tu. Taa za rivasi ziwake kwenye R.

Hatari ya kuunga dairekti

Wako mafundi ambao, kwa kukosa kifaa au kwa kutaka kumaliza haraka, huunganisha nyaya mbili za swichi na kuiruka. Wao huita kuunga dairekti. Gari huwaka, dereva hufurahi, na kosa husahauliwa. Lakini fikiria siku ya kupokea kakao: magunia yamepangwa nyuma ya gari, wakulima wanasubiri mizani, watoto wanacheza kivulini. Mtu ananyoosha mkono dirishani, anazungusha ufunguo bila kutazama mkono wa gia, na gia iko rivasi. Hakuna tena kitu cha kulizuia gari.

Wajibu wa chama

Kila tengenezo liandikwe katika kitabu cha gari: tarehe, kosa lililopimwa, kifaa kilichobadilishwa na jina la fundi. Hati ya malipo iambatane na stakabadhi, na kifaa cha zamani kirudishwe chamani ili mkaguzi akione. Meneja asitie saini kazi iliyoandikwa tu kwamba “umeme umetengenezwa”. Aulize: swichi imebadilishwa, au imerukwa? Ikiwa imerukwa, gari lirudi kwa fundi kabla ya kupakiwa gunia lolote. Gari ni mali ya wanachama, na wanachama hao ndio wanaosimama mbele na nyuma yake siku ya mauzo.