Pipa la nyama ya moshi lahama roshani za Dubai na kupanda mlimani

Waafrika Mashariki wanaoishi kwenye minara ya Dubai hawana pa kuwasha mkaa nyumbani. Jiko la pipa hata hivyo linawezekana, ila kwa masharti, na mlimani lina tabia zake.

Katika mtaa wa Jumeirah Lake Towers, mkabala na Dubai Marina, watu wana sababu ya kuuogopa moto. Usiku wa Novemba 18 mwaka 2012 jengo la Tamweel lenye ghorofa 34 liliungua upande wa nje, na wakaazi wakalikimbia usiku wa manane. Uchunguzi ulieleza kuwa chanzo ni kipande cha sigara kilichotupwa kwenye rundo la taka. Ikiwa kipande cha sigara kilifanya hayo, kikapu kizima cha mkaa kwenye roshani kingefanya nini?

Kwa hiyo pipa hupakiwa garini kuelekea Jebel Jais, Ras Al Khaimah, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 1,900. Uliza kwanza ni wapi moto unaruhusiwa.

Chukua pipa la chuma la lita 200 lililobeba chakula, kamwe si mafuta wala kemikali. Lililopakwa zinki liache, maana likipata moto hutoa mvuke wa sumu. Liunguze ndani kwa kuni mpaka rangi yote iishe. Toboa matundu matatu au manne karibu na kitako, yenye upana wa sentimita mbili na nusu, na uyawekee vifuniko. Kikapu cha waya cha mkaa kiinuliwe kidogo ili majivu yasizibe hewa, na wavu wa nyama ukae kiasi cha sentimita 60 juu yake. Mfuniko nao uwe na tundu la kutolea moshi. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 110 na 130.

Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, hivyo mkaa hupata oksijeni kidogo na hulegea. Fungua tundu moja zaidi ya ulilozoea.

Tatizo kubwa zaidi ni maji. Huko juu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Nairobi ni kama 94. (Kileleni mwa mnara wa Almas, mita 360, tofauti na pwani ni kama nyuzi moja tu, kuishi ghorofa za juu si kisingizio.) Wapishi wengi husubiri kidari cha ng'ombe kifike nyuzi 95 ndani ndipo nyuzi zake ngumu zilainike. Mlimani nyama yenye maji hugoma kufika hapo, na anayekitazama kipimajoto tu ataikausha. Ichome kwa uma. Ukiingia bila kupingwa, imeiva. Kuku lakini lazima afike nyuzi 74, popote ulipo.

Safari ya kurudi ndiyo yenye hatari isiyoonekana. Mkaa unaoonekana umezimika bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoweza kuua abiria ndani ya gari lililofungwa vioo. Ziba matundu yote, subiri mpaka pipa lishikike kwa mkono mtupu, kisha mwaga majivu na uyamwagie maji. Ndipo lipakiwe.