Maji Yanayouma na Samaki Wasiokufa

Baridi ya Julai mjini Nyeri haimhurumii mtu wala samaki. Mji wetu umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi, kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na mwezi huo zipo siku ambazo jua halionekani tangu asubuhi hadi jioni. Samaki aina ya trauti wa Mto Gura, na wale wanaozalishwa Kiganjo, hawana la kulalamikia, maana maji baridi ndiyo maskani yao. Lakini samaki wa mapambo tunaowaweka sebuleni katika matangi ya kioo aghalabu ni wa asili ya nchi za joto, nao huhitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27 za selsiasi. Mkazi wa Mombasa aweza kuwafuga bila taabu kubwa. Sisi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki hatuna budi kutia hita ya umeme ndani ya maji hayo, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua tangi, pampu ya hewa na hita ya kioo yenye plagi ya pini mbili. Soketi zetu, kama ajuavyo kila msomaji, ni za matundu matatu. Nilifanya walivyofanya wengi kabla yangu: nikasukuma kalamu katika tundu la juu hadi yale mawili ya chini yakafunguka, nikapachika plagi. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuchaji simu kwa siri bwenini anaufahamu ujanja huu.

Siku moja binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa akiwalisha samaki. Akaniita. "Baba, maji yanauma."

Nilitazama tangi. Samaki walikuwa wakiogelea kwa raha zao. Nikamwambia, "Mwanangu, kama maji haya yangekuwa na stima, hawa wangekuwa wamekufa kitambo." Nilichovya kidole, nisihisi chochote, nikarudi kusahihisha insha.

Jumamosi iliyofuata sakafu ya saruji ilikuwa imepigwa deki, haijakauka. Nilikuwa miguu mitupu. Nilitumbukiza mkono ili kunyanyua jiwe lililoanguka, na kilichofuata sikijui vyema. Nilijikuta nimeketi chini, mkono umekufa ganzi hadi begani. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno.

Jumatatu nilimsimulia mwenzangu wa fizikia katika chumba cha walimu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza iwapo nimewahi kumwona ndege akitua juu ya waya wa stima. Ndege hafi, akasema, kwa kuwa umeme hauna njia ya kupitia kwake kwenda ardhini. Samaki ndani ya tangi la kioo lililo juu ya meza ya mbao wana hali hiyo hiyo. Kioo cha hita kilikuwa kimepasuka, umeme umeingia majini, na maji yote yakawa yanangoja mtu wa kuyaunganisha na ardhi. Binti yangu aliponzwa na mkono wake, akaokolewa na ndara zake za mpira. Mimi niliyatia maji mkono nikiwa nimekanyaga saruji mbichi. Na siku ile nilipochovya kidole? Nilikuwa nimevaa viatu. Isitoshe, hita hujizima yenyewe maji yakipata joto, hivyo huenda uchungu huo ulikuja na kuondoka.

Swali langu lilikuwa moja: mbona fyuzi haikukatika? Hapo mwenzangu alichukua chaki. Umeme wetu ni wa volti 240. Hita ya wati 100 hutumia mkondo wa takriban ampea 0.4. Fyuzi ya kawaida ya plagi ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000, ilhali miliampea 10 hivi zatosha kukaza misuli hata mtu ashindwe kuachilia alichokishika, na zikizidi 30 moyo wenyewe waweza kuvurugika mapigo. Fyuzi huwekwa ili waya usiungue na nyumba isishike moto. Mwanadamu hakuwamo katika hesabu hiyo. Kinachomlinda ni kifaa kingine kinachofungwa kwenye sanduku la swichi kuu, ambacho hulinganisha mkondo unaotoka na ule unaorudi. Tofauti ikifikia miliampea 30, hukata umeme kabla hujapepesa jicho. Fundi mwenye leseni hukifunga kwa muda mfupi. Nyumba yangu ya kupanga haikuwa nacho, nami sikuwahi kuuliza.

Kuna hatari nyingine ambayo sisi wa mlimani tunaijua kwa mlango wa nyuma. Wakati wa masika stima hupotea mara kwa mara. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya meza ikizimika, maji ya tangi yaweza kurudi kupitia mpira wake na kuijaza; stima irudipo usiku wa manane, pampu iliyojaa maji inawaka. Heri iwekwe juu kuliko uso wa maji. Waya nao ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili matone yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Kinachonisumbua hadi leo si kalamu wala hita. Ni jibu nililompa mtoto. Katika miji yetu tumeyazoea maji yanayouma: bafuni, penye kipasha-maji cha umeme, wapo wanaofunga bomba kwa kitambaa na kuoga wakifanya mzaha. Basi mtoto anaposema maji yanauma, humsikia kama anayesema maji ni baridi. Mimi, ambaye kutwa nawasihi wanafunzi wachague neno lifaalo, nilipewa neno lifaalo kabisa nikalisahihisha.

Sasa tangi langu lina samaki wa dhahabu, wanaostahimili baridi bila hita, na hakuna atiaye mkono kabla pampu haijachomolewa ukutani. Hita iliyopasuka nilimkabidhi mwenzangu. Kila afikapo mada ya umeme wa nyumbani huizungusha darasani, mkono kwa mkono, na kuwauliza wanafunzi waonyeshe ufa uko wapi. Wengi huutafuta kwa dakika kadhaa.