Kwa Nini Nanasi Hustahimili Jua Linaloua Mche wa Mkarafuu

Kila mwaka, kaskazi inaposhika na mvua za vuli zimekwisha, wanachama huiona ajabu ile ile mashambani mwao. Miche ya mikarafuu iliyopandwa kwa taabu hunyauka, majani yakakauka kuanzia nchani, na mingine ikafa. Hatua tatu kutoka hapo nanasi limesimama na ubichi wake, kana kwamba mvua ilinyesha jana. Wako wasemao kwamba nanasi lina mizizi mirefu inayofika majini. Sivyo. Mizizi ya nanasi ni mifupi, haishuki mbali. Siri yake imo katika majani.

Yafaa kwanza tufahamu jani lafanya kazi gani. Mmea hujipikia chakula chake kwa vitu vitatu: maji yatokayo mizizini, mwanga wa jua, na hewa ya ukaa. Kazi hii wataalamu huiita usanisinuru. Hewa hiyo huingia kwa vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa miti mingi viko upande wa chini wa jani. Taabu iko hapo. Mlango ukifunguliwa ili hewa iingie, maji nayo hutoka. Katika maji yote yanayofyonzwa na mizizi, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 hupotea angani kwa njia hii. Mlango ukifungwa, maji husalia lakini jiko huzimika.

Mkarafuu, kama mpunga, mnazi, mwembe na sehemu kubwa ya mimea ya dunia, una njia moja tu, nayo ni ya kale: kufungua mchana na kupika papo hapo. Kwa kila kilo 1 ya hewa ya ukaa inayoingia, mimea ya namna hii hupoteza kiasi cha lita 400 hadi 500 za maji. Jua likizidi hufunga vitundu. Basi hewa ya ukaa iliyomo ndani ikipungua, jani huanza kushika oksijeni mahali pake, na kuharibu sehemu ya kile kilichokwisha kupikwa. Ni hasara juu ya hasara. Mti mkubwa wenye mizizi iliyoenea huvumilia. Mche wa mwaka mmoja hauna akiba.

Ama nanasi, lenyewe limebadili saa za kazi. Mchana wa jua kali hufunga milango yake, na jua likichwa huifungua, wakati upepo umepoa na maji hayapotei ovyo. Hewa ya ukaa inayoingia usiku haiwezi kupikwa kwa kuwa hakuna mwanga, kwa hiyo hugeuzwa asidi na kuwekwa ghalani ndani ya jani. Kukipambazuka milango hufungwa, asidi huvunjwa, ile hewa hutoka humo humo ndani, na chakula hupikwa pasipo kufungua. Kwa kilo 1 ile ile, mimea ya jamaa hii hupoteza lita 50 hadi 100 tu.

Mtu mmoja aliionja habari hii kwa ulimi wake kabla haijafahamika sawasawa. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, alitafuna majani ya mmea mnene, ule ambao vichipukizi vyake huota pembezoni mwa jani, akaandika mwaka 1813 kwamba asubuhi yalikuwa machachu sana, adhuhuri hayana ladha, na jioni yana uchungu kidogo. Asidi iliyowekwa usiku ilikuwa imetumika mchana. Mshubiri, mkonge na vanila wana desturi hiyo hiyo. Lakini ghala la jani ni dogo, na kwa hiyo mimea hii haina haraka. Kila mwenye kupanda mananasi ajua kwamba hungoja mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, kabla ya kula.

Iko njia ya tatu, ya mahindi, mtama na mua. Watafiti wa Hawaii waliona jambo geni katika majani ya mua, na mwaka 1966 Hatch na Slack, huko Australia, wakaeleza mwendo wake. Mimea hii hufungua mchana, lakini ina namna ya pampu. Seli za nje hukamata hewa ya ukaa upesi na kuisukuma kwa seli za ndani, zilizozunguka mishipa ya jani, nako ndiko hupikwa. Mlango ukiwa wazi kidogo tu huwatosha. Lita 250 hadi 300 zatosha kwa kilo 1. Na katika jamaa hiyo yumo adui yetu, ndago! Hayo machache yaliyosalia ardhini, yeye huyatumia kwa faida kuliko mche wako, tena yuko shinani pake.

Basi anayepima ukavu wa shamba kwa kutazama nanasi au ndago atadanganyika. Achimbe shubiri moja kando ya mche, aushike udongo kwa mkono.

Mkarafuu hauwezi kufundishwa kufungua usiku. Tuwezalo ni kuupunguzia hasara ya mchana. Kivuli cha makuti hupoza jani, na jani lililopoa hupoteza maji machache kila lifunguapo. Kiwekwe zaidi upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huchoma, lakini kisiwe giza, maana bila mwanga hakuna upishi. Na mvua zikishika kiondolewe kidogo kidogo. Matandazo ya majani makavu yatandikwe kuzunguka mche, yasiguse shina. Maji yatiwe jioni. Ndago ing'olewe kabla ya kiangazi pamoja na vinundu vyake vya chini, kwani ikikatwa juu tu hurudi baada ya siku chache.