Eksirei ya kitandani kwa mgonjwa mahututi: ina faida wakati gani?

Mgonjwa anayezidiwa Tororo au Busia ya Uganda hupewa rufaa kwenda Mbale, na pengine hadi Mulago jijini Kampala. Jirani yake wa Busia ya Kenya huelekezwa Kisumu au Eldoret. Akishalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, jamaa zake huenda wakaona mashine ya eksirei yenye magurudumu ikisukumwa hadi kitandani. Wapo wanaouliza kwa nini kifua kilipigwa picha jana na leo tena. Wapo pia wanaodhani kuwa siku ikipita bila picha, mgonjwa wao ametelekezwa. Dhana hii ya pili ndiyo inayohitaji kusahihishwa zaidi.

Mashine huletwa kitandani kwa sababu kumhamisha mtu anayepumua kwa msaada wa mashine ni hatari. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba mirija iko mahali pake. Mrija wa kupumulia hupitishwa mdomoni hadi kwenye koo la pumzi, na ncha yake hutakiwa kubaki sentimita chache juu ya pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Ukisukumwa kupita kiasi, kwa kawaida huingia upande wa kulia, kwa kuwa njia ya upande huo imenyooka zaidi. Hapo pafu la kushoto hukosa hewa na kusinyaa, ilhali mashine inaendelea kupuliza kana kwamba mambo ni shwari. Mrija wa chakula nao, unaopitishwa puani, unaweza kupotea njia ukaingia pafuni; maziwa yakimiminwa humo, mgonjwa anaweza kufa. Picha moja kabla ya kuanza kumlisha ina thamani kuliko picha nyingi za mazoea. Ndivyo ilivyo pia oksijeni inaposhuka ghafla bila sababu inayojulikana.

Hata hivyo, picha ya kitandani si sawa na ya mtu aliyesimama. Mionzi hutokea mbele, hivyo moyo hutoa kivuli kikubwa kuliko ukubwa wake halisi. Hewa iliyovuja nje ya pafu hukusanyika upande wa mbele kwa mgonjwa aliyelala chali, na inaweza isionekane kabisa. Ultrasaundi, mikononi mwa mtu aliyefunzwa, huigundua vizuri zaidi, tena bila mionzi.

Je, picha ya kila asubuhi inasaidia? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet uliwafuatilia wagonjwa 849 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, katika vyumba 21 vya wagonjwa mahututi. Pale picha zilipopigwa kwa sababu maalumu tu, idadi yake ilipungua kwa asilimia 32, na wagonjwa hawakudhurika: vifo na siku za kukaa kwenye mashine havikutofautiana kwa kiasi cha maana.

Kwetu matokeo hayo yana uzito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vyumba 12 tu vya wagonjwa mahututi vilivyokuwa vikifanya kazi Uganda nzima, vyenye vitanda 55. Mahali penye mashine moja na mtaalamu mmoja wa zamu, picha isiyo na swali humchelewesha mgonjwa mwenye swali la haraka.

Kuhusu mionzi, hofu ina msingi lakini isizidi. Kipimo cha picha moja ya kifua ni kidogo, takriban kile ambacho mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku chache. Mtaalamu akiwaomba msogee, tiini. Umbali wa mita mbili hupunguza sana mionzi inayotawanyika.

Jamaa wana haki ya kuuliza: picha hii inatafuta nini? Na mgonjwa anapovuka mpaka, au anapohamishwa kutoka Tororo kwenda Mbale, picha zake za awali zisafiri naye pamoja na barua ya rufaa, zikiwa na tarehe na saa. Daktari anayempokea huhitaji kulinganisha kivuli cha leo na cha jana; bila ile ya jana, hana budi kuanza upya.