Neno "Usugu" na Kimelea cha Malaria

Katika bandari ya Itungi, wilayani Kyela, nilimsikia mama mmoja akimweleza mwenzake kwamba dawa ya malaria haimfai tena mwanawe, kwa kuwa "mwili umeshaizoea". Usemi huu ni wa kawaida katika nchi ile ya mpunga na mafuriko, ambako mbu hawakosi mazalio. Mtazamaji wa lugha ataona kuwa umemkosea mtenda: kinachobadilika si mwili wa mgonjwa, bali ni kimelea.

Matabibu huliita jambo hili usugu. Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyofanywa ngumu kwa kusuguliwa, kama ya kiganja cha mpiga kasia au ya paji la mwenye kusujudu sana. Neno ni zuri, ila mfano wake wapotosha, maana sugu humwota yule yule aliyesuguliwa. Kimelea hakigeuki kwa kuguswa na dawa. Miongoni mwa mamilioni huzaliwa vichache vyenye hitilafu katika chembe za urithi. Dawa huua vingine vyote, navyo hivyo hubaki vikizaana. Ndivyo ilivyoshindwa klorokwini: hitilafu katika jeni ya pfcrt, iliyotambuliwa mwaka 2000, hukiwezesha kimelea kuitoa dawa katika kifuko chake cha kumeng'enyea chakula. Hata mtoto asiyepata kuionja klorokwini aliweza kuumwa na kimelea kisichoijali. Mwili wake ulizoea nini?

Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001. Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, ilikwisha kuiacha tangu 1993, na yaliyofuata huko yastahili kuangaliwa. Katika majaribio ya Blantyre yaliyochapishwa mwaka 2006, klorokwini ilishindwa kwa mtoto mmoja tu kati ya 80. Hapana sugu iliyolainika; vimelea vya kawaida, ambavyo hustawi zaidi pasipo dawa, vilirudi kushika mahali pao.

Kwa istilahi ya "dawa mseto", iliyoenea baada ya tiba hiyo kuingia nchini mwishoni mwa 2006, sina ugomvi. Kama mchele na choroko katika chungu kimoja, dawa mbili hushambulia kwa njia mbili, na kimelea kinachoponyoka moja ni nadra kuponyoka zote. Lakini mzazi aaminiye kwamba mwili ndio unaozoea ataona hekima kukatiza vidonge kabla ya siku tatu kwisha, asije "akamzoeza" mtoto.

Mimi ningependa tuseme "kimelea kisichosikia dawa". Methali yetu imelipa sikio la kufa kitenzi hicho. Tukihamishie kwa kimelea. Haja ipo, kwani huko Kagera watafiti wamekwisha kuona mabadiliko katika jeni ya kelch13, yanayoichelewesha atemisinini kusafisha damu.