Mjumbe Aliyefika Kabla ya Kutumwa

Kitendawili!

Tega!

Nimemtuma mjumbe saa nne asubuhi, akafika saa moja ya asubuhi ileile.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Tanga? Haya, hapo mmenipa kwetu. Nilikwenda Tanga, nikafika Ngamiani, kwenye steshenari ndogo yenye kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi na benchi la wateja. Steshenari hiyo ni yangu, na likizo ikifika mpwa wangu wa darasa la sita huja kunisaidia. Jibu la kitendawili lipo, ila kwanza tuufuate waya.

Wiki ile intaneti ya kompyuta ya dirishani ilitusumbua. Asubuhi nzima ilikuwa shwari, mchana inakata, inarudi, inakata tena.

"Shangazi, kebo ya baharini imekatika," mpwa wangu akatoa hukumu.

Hakuokota maneno hayo hewani. Mei 2024 kebo mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Afrika Mashariki tukabaki tukikodolea macho kurasa zisizofunguka.

"Ingekuwa ni bahari," nikamuuliza, "mbona hii kompyuta ya pili haikati, na ruta ni ileile moja?"

Akanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia. Tuanze kujipapasa wenyewe ndipo tuisingizie bahari.

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika neno moja: ping. Programu hii aliitunga Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, naye alikuwa akihangaika na mtandao uliokuwa ukisumbua, kama sisi. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona, chombo ambacho hupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Kwa Kiswahili chetu, ping ni kupiga hodi. Unabisha, unasubiri "karibu", na unahesabu muda uliopita mpaka kujibiwa.

Hodi ya kwanza tuliipiga 127.0.0.1. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe. Ikajibu, maana yake programu zake za mtandao zi hai. Hodi ya pili tulimpigia jirani wa kwanza, ruta, ambaye kwetu anakaa 192.168.1.1. Akajibu chini ya milisekunde 1. Ya tatu ikatoka nje kabisa, 8.8.8.8, kwenye seva za Google. Nazo zikajibu. Ya nne tulitumia jina la tovuti badala ya namba. Kama namba zingejibu na jina likakataa, tungejua kasoro iko kwenye DNS, lile daftari linalogeuza majina kuwa namba.

Zote zikajibu, kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi. Basi tukaongeza -t kwenye amri ili kompyuta iendelee kumpigia hodi ruta bila kukoma, tukarudi kwenye kopi zetu.

Saa saba joto likapanda. Nikawasha feni ya mezani.

"Shangazi! Hakuna karibu!"

Majibu yalikuwa yamekoma. Nikazima feni, yakarudi. Mpwa wangu akaiwasha mwenyewe, yakakoma, akaizima, yakarudi. Alirudia mara tatu, kisha akaingia chini ya meza. Kichwa cha waya wa neti kina kilimi cha plastiki ambacho hulia "tik" kikishika. Chetu kilikuwa kimevunjika. Upepo wa feni ulipoutikisa waya, kichwa kililegea, zile nyuzi nane nyembamba za ndani zikakosa kugusa zinapopaswa, na kitaa cha kijani kikazimika. Tukabana kichwa kipya, ambacho bei yake haizidi soda.

Basi mwenzangu akajiona fundi. Kesho yake akaingia mzee mmoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

Alitaka tumtumie binti yake aliyeko Maskati nakala za vyeti. Tukaskani, tukatuma kwa baruapepe. Akampigia binti simu: haijafika. Robo saa ikapita, haijafika. "Mwanangu, una hakika imekwenda?" akaniuliza. Mpwa wangu alikuwa keshazama chini ya meza kuushika waya wake.

Waya ulikuwa mzima na hodi zote zikaitikiwa. Sanduku la barua zinazotoka lilikuwa tupu, yaani barua ilikwishaondoka. Ikafika nusu saa na ushei baadaye, mzee akashukuru akaenda zake. Lakini mpwa wangu hakulala na swali: ilikuwa wapi muda wote ule?

Tukamwomba yule binti atutumie maelezo kamili ya barua, yale ambayo kwa kawaida hufichwa. Kila seva inayoipokea baruapepe huigonga muhuri wa saa, na muhuri mpya huwekwa juu ya wa zamani. Kwa hiyo husomwa kuanzia chini, kama sahani kabatini: ya kwanza kuwekwa ndiyo ya chini kabisa. Chini, kompyuta yetu iliandika 10:02:10. Seva yetu ikagonga 07:02:14. Seva ya Maskati, 11:37:40.

"Imetumwa saa nne, ikafika saa moja!" akacheka.

Mnakiona kitendawili? Nikamwonyesha kialama cha pembeni. Yetu ilikuwa na +0300, ya seva +0000, ya Maskati +0400. Kila mmoja alitaja saa ya kwake. Toa tatu kwenye yetu, toa nne kwenye ya Maskati, zote zisimame kwenye sifuri: 07:02:10, 07:02:14, 07:37:40. Kutoka kwetu ilichukua sekunde 4. Dakika 35 zote zililiwa mlangoni Maskati.

Kuna seva ambazo zikibishiwa na mgeni hujibu kwa namba inayoanza na 4: sasa hapana, rudi baadaye. Namba ikianza na 5, usirudi. Watuma barua taka wengi hawana subira ya kurudi. Seva ya kweli hurudi. Kanuni za baruapepe huishauri isubiri angalau dakika 30 kabla ya kubisha tena, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Safari hii, basi, kikulacho hakikuwa nguoni mwetu.

Wiki iliyofuata mzee akarudi na vyeti vilivyobaki. Alikuja na gazeti kabisa, akajiweka sawa kwenye benchi kungoja. Hata hajafunua ukurasa wa pili, simu ikaita: imefika.

"Leo mbona upesi?"

"Leo mjumbe wako anafahamika, babu," mpwa wangu akajibu.